"Sheria ni moja kwa wote": mwalimu wa malezi aanzie wapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa malezi katika shule ya kata, wilaya ya Chamwino. Tuna mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye ualbino, binti aliyerudi shule baada ya kujifungua, na watoto wengi wanaotembea kutoka vijiji vya mbali. Mkuu wa shule ameniagiza niandae mpango ili asiwepo anayeachwa nyuma. Kila nikipendekeza jambo, walimu wenzangu wananijibu kwamba sheria ni moja kwa wote, ukimlegezea mmoja umeharibu shule. Nianzie wapi, na nitapimaje mafanikio?

JIBU: Mwalimu, semina na mabango viache kwanza. Chukua daftari la mahudhurio, kitabu cha adhabu na matokeo ya Hisabati ya muhula uliopita, uvisome kwa pamoja. Kitabu cha adhabu kinapaswa kuwepo, kwa sababu kanuni za viboko za mwaka 2002 zinataka kila adhabu iandikwe, tena itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi viboko vinne. Mbele ya kila jina andika kijiji anakotoka mtoto.

Utakachokiona katika shule nyingi za kutwa za mkoa wetu ni hiki: majina yaleyale. Mtoto wa kijiji cha mbali anafika kengele imeshalia. Mwalimu wa zamu anampigisha magoti getini au anampa ufagio, na kipindi cha kwanza kinapita. Kipindi hicho mara nyingi ni Hisabati, maana mtaaluma, mwalimu anayepanga ratiba, ameiweka asubuhi kwa nia njema kabisa, vichwa vikiwa bado havijachoka. Matokeo yakitoka, mtoto yule ana sifuri na tunasema ni mzito. Hakuna aliyekusudia kumbagua, ila sheria moja imempokonya yeye somo, na wa jirani na shule haikumgusa.

Wenzako usiwaombe wafute sheria ya kuchelewa. Waombe mambo mawili: aliyechelewa aingie darasani kwanza, adhabu isubiri mapumziko, na Hisabati isogezwe kipindi cha tatu. Adhabu isipelekwe jioni, kwani mtoto anayetembea mbali, hasa wa kike, atafika kwao giza limeingia. Mabadiliko haya hayahitaji hata shilingi moja, na ndiyo maana ningeanza nayo.

Mahudhurio yasome kwa msimu pia. Dodoma tuna mvua za msimu mmoja, kuanzia karibu Desemba hadi Aprili, kwa hiyo shule inafunguliwa Januari wakati palizi imepamba moto. Kiangazi kikikaza, wanaopungua ni watoto wa wafugaji wanaofuata malisho. Ukishajua ni nani hupotea mwezi gani, zungumza na mzazi na mtendaji wa kijiji kabla ya mwezi huo. Barua ya utoro inayofika baada ya wiki sita hairudishi mtu.

Suala la chakula nalisisitiza zaidi ya yote. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne tangu 2016, lakini chakula cha mchana katika shule za kutwa bado kinawategemea wazazi. Shule nyingi hudai mahindi Januari, ghala la mkulima likiwa tupu, kisha mtoto ambaye kwao hawajatoa anasimama pembeni wenzake wakipanga foleni na sahani. Inaniuma kila ninapoliona jambo hili, kwa sababu hapo mtoto anajifunza kwamba shule si yake. Ombeni mchango Juni na Julai, watu wakiwa wamevuna mtama, uwele na alizeti, mkihifadhi kwa mwaka unaofuata. Deni libaki kati ya shule na mzazi. Majina ya wadaiwa yasisomwe paredi.

Lugha nayo iangalie. Kumwadhibu mtoto kwa kuzungumza Kiswahili kunawaelemea zaidi waliotoka shule za msingi za vijijini, ambako Kiingereza walikisikia kwa nadra. Waache wajadiliane kwa Kiswahili kwenye vikundi, kisha waandike jibu kwa Kiingereza.

Binti aliyerudi analindwa na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, kwa hiyo hakurudi kwa hisani ya mtu. Muulize mwenyewe anahitaji nini: pengine ni ruhusa ya kwenda kunyonyesha mchana, pengine ni mwalimu mmoja tu wa kumweleza shida zake. Habari zake zisigeuzwe somo la maadili mbele ya wenzake.

Kupima si kazi kubwa. Mwisho wa muhula rudi kwenye makaratasi yaleyale matatu, uone kama pengo kati ya vijiji limepungua. Ongeza orodha ya viranja. Kama wote wanatoka karibu na shule, una kazi nyingine.

Mwanafunzi mwenye ualbino asisubiri mpango huo ukamilike. Ualbino huja na uoni hafifu ambao miwani peke yake haiumalizi, na kumketisha mbele karibu na dirisha kunaweza kumwongezea tabu kwa sababu ya mwanga mkali. Achague kiti mwenyewe, aruhusiwe kusogea hadi ubaoni, na mwalimu amwachie notisi zake anakili. Kofia pana na mikono mirefu vihesabiwe kuwa sare. Wenzake wakienda shambani saa sita, apewe kazi ya kivulini, asiachwe bila kazi. Kidato cha pili wana upimaji wa kitaifa, na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) huandaa karatasi za maandishi makubwa na muda wa nyongeza kwa wenye uoni hafifu, mradi hitaji lionyeshwe wakati wa usajili. Mwone mtaaluma wiki hii, uhakikishe fomu yake imejazwa hivyo.