"Quite good" ya Mwingereza: usiitume barua hiyo

Ndugu, usiitume barua hiyo. Umesema mteja wako wa London ameisoma sampuli ya tafsiri yako na kukuandikia kwamba ni "quite good", na sasa unataka kumshukuru kwa sifa kubwa aliyokupa, kisha papo hapo uombe akuongezee malipo. Umeuliza pia kama inafaa kumwambia mkubwa wa kazi "brilliant", na "good" inatofautianaje na "well". Hayo yasubiri, kwa sababu barua hiyo ikimfikia, huenda usibaki na mkubwa wa kumwambia "brilliant".

Nami niliwahi kupewa hiyo "quite good", na mhariri Mwingereza, kwa ripoti niliyokuwa nimemtafsiria. Aliandika mstari mmoja tu: "This is quite good, but you might want to look at section two again." Kwa kuwa mwalimu wangu wa Kiingereza alitukaririsha kwamba "quite" ni "kabisa", nilisoma "nzuri kabisa", nikafurahi, na maneno yaliyofuata nikayachukua kama ushauri wa hiari ambao mtu mwenye kazi "nzuri kabisa" anaweza kuupuuza. Niliipeleka ripoti kwa mpiga chapa jinsi ilivyokuwa, na ankara nikaituma siku hiyohiyo, maana katika kudai sijawahi kuchelewa. Sehemu ya pili ilichapishwa na makosa yake yote, ikabidi ripoti irudiwe kwa gharama yangu, na mhariri yule hakunitafuta tena. Kinachoniudhi hadi leo ni kwamba hakunificha chochote: "you might want to", katika adabu ya kazi ya Waingereza, mara nyingi ni agizo lililovikwa vazi la ombi, na ile "but" ndiyo iliyobeba ujumbe wote.

Mwalimu yule simsamehei upesi. Alitufundisha nusu ya jambo kwa sauti ya mtu aliyelimaliza, na aliyethubutu kuuliza aliambiwa afungue kamusi, ambayo nayo ilikuwa na nusu ileile. Ni kweli kwamba "quite" huwa "kabisa" inapotangulia kivumishi kisicho na viwango, kama katika "quite impossible" au "quite perfect", kwa kuwa jambo haliwezekani au linawezekana, basi. "Good" ina viwango, na mbele yake "quite" ya Mwingereza kwa kawaida huishusha sifa hadi "nzuri kiasi". Mmarekani akiandika maneno hayohayo, mara nyingi anakusudia "nzuri sana", kwa hiyo kabla ya kushangilia ni lazima ujue barua imetoka kwa nani. Katika mazungumzo sauti ingekusaidia, kwani Mwingereza akiikazia "quite" ujue ana dukuduku, lakini barua pepe haina sauti.

Kanuni yangu ni moja, na nimeilipia: usikipime kivumishi cha sifa kabla hujalipima neno lililokitangulia na lililokifuata. "Good enough" ni kazi inayokidhi haja, wala si kazi ya kujivunia. "Pretty good" haifiki kwenye "really good". Katika "a good two hours" hakuna sifa yoyote, ila mtu anasema kwamba muda ulikuwa saa mbili nzima au zaidi. Anayejibu "I'm good" unapomkaribisha chai amekataa chai, hajajisifu kwa tabia njema. Tena aliyeambiwa "not bad" na Mwingereza huenda ana sababu ya kufurahi kuliko wewe na mimi tulioambiwa "quite good", jambo ambalo kamusi ya mwalimu wangu isingeliotea ndoto.

Kwa hiyo irudie barua ya mteja wako na utazame kama baada ya "quite good" kuna "but", "though" au "perhaps". Mwandikie kwamba umefurahi kupata maoni yake, kisha umuulize waziwazi ni vifungu vipi angependa uvipitie upya. Akikuletea orodha, irekebishe kazi kwanza na suala la malipo uliweke kando. Akikujibu kwamba hakuna cha kubadilisha, hapo omba nyongeza yako.