Vijidudu: maswali yenu, na pale watafiti wanapokwama

Safari hii nimekusanya barua za bakteria na wenzao. Zile za dawa ya tumbo nimeziacha. Hizo mpelekeeni daktari.

Duniani kuna aina ngapi za bakteria? (Msomaji, Morogoro)

Inategemea umemuuliza nani. Mwaka 2016 Kenneth Locey na Jay Lennon, watafiti wa Marekani, walipiga hesabu wakafikia aina trilioni 1 za vijidudu wa kila namna. Mwaka 2019 Stilianos Louca na wenzake wakaja na jibu la kati ya laki 8 na milioni 1.6, wakihesabu bakteria pamoja na arkea, ambao kwa umbo hufanana na bakteria lakini ni wa ukoo mwingine kabisa. Hakuna aliyekosea kujumlisha. Kila upande ulikuwa na sampuli za sehemu chache tu, na kilichobaki kikakisiwa kwa kanuni. Mimi naegemea hesabu ndogo, maana ile kubwa inakwenda mbali mno na sampuli zilizokuwapo. Isitoshe, bakteria hugawiana jeni hata na wasio wa ukoo wao, hivyo aina moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi ni ugomvi mwingine.

Si waoteshwe tu maabara, wahesabiwe? (Msomaji huyohuyo)

Wengi hawaoti. Wahesabu bakteria wa udongo kwa hadubini, kisha weka kiasi kilekile cha udongo kwenye sahani ya agar, yaani rojo lililoganda la kuoteshea vijidudu: kwa kawaida wanaoota hawafiki asilimia 1. Wengine huchelewa mno, wengine hushindwa na chakula kingi, wengine hawaishi bila jirani fulani. Pelagibacter, ambaye baharini ni miongoni mwa walio wengi kuliko wote, alioteshwa mara ya kwanza mwaka 2002, tena kwa maji ya bahari yenyewe badala ya supu nono ya maabara. Siku hizi DNA husomwa moja kwa moja kutoka kwenye maji au udongo, ndiyo maana tuna orodha ndefu za majina. Ila orodha haisemi nani anafanya kazi gani, wala nani anamlisha nani.

Mwalimu, hapa Goma tunaambiwa gesi ya Ziwa Kivu inatengenezwa na vijidudu. Ni kweli? Na inaongezeka? (Msomaji, Goma)

Ndugu yangu, ni kweli kwa methani, kilometa za ujazo zipatazo 60. Kaboni dayoksaidi, ambayo ni karibu mara tano ya hiyo, kwa sehemu kubwa hutoka kwenye volkano. Methani ni kazi ya arkea wa kilindini, kusiko na oksijeni. Baadhi yao huunganisha kaboni dayoksaidi na haidrojeni. Wengine huvunja asetati, kemikali jamaa ya siki, inayotokana na mwani uliooza. Kila njia inachangia kiasi gani? Hapo bado wanabishana, na si ubishi wa bure: bila kujua chanzo, ni vigumu kukadiria gesi inajazwa upya kwa kasi gani, na mtambo wa KivuWatt upande wa Rwanda unaivuta kuzalisha umeme.

Kuhusu kuongezeka, mwaka 2005 watafiti walitoa tahadhari kwamba methani ilikuwa imepanda tangu miaka ya 1970. Vipimo vipya vilivyochapishwa mwaka 2020 havikuona ongezeko la maana. Methani inayopanda juu nayo, nyingi huliwa na bakteria wengine kabla haijafika hewani. Hao walaji wasingekuwapo, hesabu ingekuwa nyingine kabisa.

Harufu ya udongo mvua ikinyesha ni ya bakteria? (Msomaji, Dodoma)

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Streptomyces, bakteria wa udongoni, hutoa kemikali iitwayo jiosmini. Mwaka 2020 ilionekana kuwa wadudu wadogo wa udongoni huifuata harufu hiyo, wakawala bakteria hao, kisha wakasambaza spora zao, yaani chembe zao za kuzaliana.

Nimesikia kuna kijidudu kinachozuia malaria ndani ya mbu. (Msomaji, Homa Bay)

Umesikia sawasawa, na ni habari ya huko kwenu. Anaitwa Microsporidia MB; watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu chenye makao Nairobi, walimtangaza mwaka 2020, baada ya kumkuta kwa mbu wa Anopheles arabiensis nchini Kenya. Mbu aliye naye hashikwi na vimelea vya malaria, na mama humrithisha watoto. Shida ni kwamba porini hupatikana kwa mbu wachache, na idadi yao hupanda na kushuka kwa msimu na mahali. Mpaka ieleweke kinachompandisha na kinachomshusha, kumweneza kwa makusudi ni kubahatisha.