Mke ana lupus na mnalala mbalimbali: yaliyotupata sisi hapa Lamu

Ndugu, umeandika kwamba mkeo amegunduliwa lupus miezi minane iliyopita, kwamba tangu hapo ukimgusa hugeukia ukutani, na ami yako anakushauri uoe mwingine. Umeuliza: amenichoka, ama ni ugonjwa? Nakujibu kwa yaliyonipata mimi, maana swali hilo nililala nalo karibu mwaka mzima.

Mimi ni seremala hapa Lamu mjini. Mke wangu alianza na homa za kuja na kwenda na maumivu ya vidole. Alitibiwa malaria mara nyingi hata sina hesabu. Kisha wekundu ukamtanda mashavu yote mawili na kuvuka pua, umbo la kipepeo, na nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Jamaa wengine wakasema ni jini. Wengine walinong'ona kuwa ni ule ugonjwa mwingine, wakaniuliza kama nami nimepima. Mpaka tulipovuka Mokowe tukapanda basi la Mombasa kwa daktari wa viungo, damu na mkojo vikapimwa, ndipo tukaambiwa ni lupus, na figo zimeguswa. Kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Hauambukizi: si kwa tendo la ndoa, si kwa busu, si kwa kula sinia moja. Nalisema wazi kwa sababu mke wangu mwenyewe alikuwa ameshaanza kutenga kikombe chake.

Mimi nami nilikosa. Nilijiona nimekataliwa, nikahamisha godoro msanani, ukumbini. Yeye akafahamu kwamba namkimbia kwa ajili ya uso wake, uliokuwa umevimba ukawa mviringo kwa dawa ya prednisoloni. Miezi ilipita tukisemezana mambo ya watoto na ya sokoni tu.

Siku iliyofungua mambo ilikuwa msimu wa kusi, kabla ya alfajiri. Nilimkuta chooni amekaa kitako karibu na birika, lile tangi la maji baridi la kuogea, vidole vimekuwa vyeupe kama chokaa, vingine vinaanza kuwa buluu, analia. Nilimuuliza kwa upole, nadhani mara ya kwanza kwa muda mrefu. Akanijibu neno moja: "Maji."

Ndugu yangu, mke wangu hakuwa amenichoka. Alikuwa akihesabu. Kila nikimsogelea usiku, yeye akili yake ishafika alfajiri, kwenye josho la janaba, lile la lazima baada ya tendo la ndoa kabla ya kusali, maji ya birika yanayomfunga mishipa ya vidole mpaka damu haipiti, na sala asiyotaka impite. Akipima raha ya usiku na mateso ya asubuhi, akageukia ukutani. Mimi nilioga maji yale yale miaka yote, nikajifuta nikaenda msikitini, na halikunipitia akilini hata siku moja.

Tangu siku hiyo najaza chupa mbili kubwa za chai maji ya moto kabla ya kulala, naziweka chooni pamoja na ndoo. Shehe naye alitueleza kwamba mgonjwa anayedhuriwa na maji ana ruhusa ya kutayamamu, yaani kujitwahirisha kwa udongo badala ya maji. Lakini hizo chupa mbili zilimwambia mke wangu jambo ambalo maneno yangu yalikuwa yameshindwa kulisema.

Baada ya hapo tukaanza kuzungumza. Nikajua kuwa usiku ndio wakati mbaya kuliko wote kwake. Uchovu wa lupus hauondoki kwa usingizi. Hulala muda wa saa tisa nzima akaamka kama aliyebeba mawe. Asubuhi mapema viungo vimekakamaa. Lakini akishakunywa chai na dawa, kufikia saa nne hivi, mwili humlegea na uso hukunjuka. Basi wakati wetu ni Jumamosi asubuhi, watoto wakiwa chuoni kusoma Kurani. Karakana nafungua adhuhuri. Mwanzoni niliona haya kupanga jambo kama hilo. Sasa naona ndiyo adabu yenyewe.

Yako mengine ya mwili ambayo wanaume hatuambiwi. Lupus huweza kuleta ukavu, na tendo likawa maumivu matupu. Duka la dawa wana mafuta ya kulainisha ya maji, waombe bila haya. (Mkitumia kondomu, mafuta ya nazi huiharibu.) Kuna siku mdomo una vidonda, busu liwe la paji la uso. Mto chini ya magoti, kulala ubavu, uzito wako usimwelemee nyonga. Singo tuliiacha, ngozi yake haistahimili kusuguliwa wala manukato makali, ila kikuba cha asumini juu ya mto hakijamdhuru. Na kwa kuwa jua huamsha ugonjwa, matembezi yetu ya ufuoni ni baada ya magharibi. Tunashikana mikono kizani kama wachumba.

Kuhusu uzazi, usibahatishe. Dawa aliyopewa kwa ajili ya figo, mikofenoleti, humdhuru mtoto tumboni, na vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni ya estrojeni huweza kugandisha damu kwa baadhi ya wagonjwa hawa. Daktari alimwekea koili, kifaa cha kuzuia mimba. Tulipotaka mtoto wa tatu, alibadilishiwa dawa kwanza, tukangoja ugonjwa utulie zaidi ya miezi sita, na haidroksiklorokwini, dawa yake nyingine ya lupus, aliendelea nayo mimba nzima kwa amri ya daktari. Mtoto sasa anakimbia vichochoroni.

La kuoa mwingine: mimi pia niliambiwa, na mtu ninayemheshimu. Sheria inaruhusu, sitakudanganya. Nilimjibu, "Ami, sijamaliza kumjua huyu niliye naye." Sikupandisha sauti, na hakurudia tena. Wewe unaambiwa uoe kwa sababu ya jambo ambalo hujamuuliza mwenyewe. Na usimuulize "Wanitaka ama hunitaki?" Mgonjwa mwenye maumivu atajibu nini hapo? Muulize leo panauma wapi, kisha nyamaza umsikilize mpaka mwisho, hata kama atanyamaza kwanza.

Tuandikie anatumia dawa gani, kama vidole hubadilika rangi akishika maji, na mkojo ulipimwa lini mara ya mwisho. Nitasoma baada ya isha.