Mstaafu mtarajiwa, achana kwanza na hao kuku 1,500

Mdogo wangu, habari za gesi na mkaa zisubiri. Ile aya yako ya mwisho ndiyo imeniamsha usiku huu.

Kwa wanaoingia sasa hivi: mleta mada anastaafu Juni, ametuuliza mbinu za kubana matumizi. Gesi au mkaa, kununua nafaka kwa gunia au kwa kilo, LUKU, king'amuzi, na michango ya harusi inayomfuata kila wiki. Maswali ya mtu mwenye akili zake. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kaandika: "Mkupuo ukitoka nimepanga kuku 1,500 wa mayai, nimeshapiga hesabu."

Umepiga hesabu. Hata mimi nilipiga, na nimefundisha hisabati miaka 35. Chekeni tu, wanafunzi wangu walishamaliza kucheka zamani.

Nilistaafu Juni 2019. Nilipita kwenye tundu la sindano, maana kanuni mpya za kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu, zilikuwa zimesimamishwa Desemba 2018, kwa hiyo nikalipwa 50% yangu ya zamani kwa mkupuo, yaani kwa mara moja. Milioni 86, na pensheni ya laki nne na sitini na kitu kwa mwezi. Wewe hata baada ya marekebisho ya 2024 unapata 40% kwa mkupuo, kwa hiyo nafasi yako ya kukosea ni ndogo kuliko yangu. Na mimi nilikosea vizuri sana.

Hela iliingia Agosti. Septemba mwenzangu wa zamani kazini akanipeleka kwenye semina hapa Morogoro. Kiingilio elfu thelathini, soda na kipande cha keki ndani yake. Mbele kuna kijana ana suti ya bluu na projekta, sidhani kama alikuwa amefika miaka 30. Akaandika: kuku 1,000, wanataga mayai 1,000, gawa kwa 30, zidisha kwa bei ya trei, zidisha kwa siku 30. Ukumbi mzima wa wastaafu ukaguna kwa raha. Kuku wa yule kijana hawafi, hawaugui, hawanyonyoki manyoya, na kila mmoja anataga hata Ijumaa Kuu. Mimi, mtu niliyekuwa nawachapa watoto kwa kusahau kuandika vipimo, nilikaa mstari wa pili nikanakili hesabu isiyo na hata mstari wa matumizi. Baadaye ndipo nikajua kwamba vifaranga anauza yeye, ramani ya banda anauza yeye, na fundi wa banda ni shemeji yake. Sisi ndio tulikuwa mavuno. Kama unasoma hapa, kijana, nakuombea maisha marefu, ustaafu, na uletewe semina.

Banda lilikula milioni 17. Tangi, pampu na mabomba milioni 4. Vyombo na taa milioni moja na nusu. Vifaranga 1,000 kwa 2,500 kila mmoja. Wakafika katikati ya Oktoba kwenye maboksi yenye matundu, wanalia kama darasa la kwanza siku ya kufungua shule, na mke wangu akasema "wazuri". Hilo ndilo neno zuri la mwisho alilowasemea.

Chanjo ya Gumboro, ugonjwa unaoua vifaranga, niliwapa mwenyewe kwa kufuata karatasi. Kitu ambacho karatasi yangu haikusema ni kwamba maji ya bomba yana klorini, na klorini inaiua chanjo hai kabla haijafika kwa kuku. Unatakiwa utumie maji ya kisima au ya mvua, au uweke maziwa ya unga kidogo. Mimi nilifungua bomba. Wiki ya nne naingia bandani alfajiri, wamejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, kinyesi cheupe cha majimaji. Siku hiyo nilitoa 19 kwenye ndoo ya rangi. Kesho yake 40 na ushee. Tulichimba shimo nyuma ya mwembe, nikawa natupia chokaa, na majirani wanapita wanasema "pole mwalimu" kwa sauti ile ya msibani. Wakabaki 863.

Hao 863 walianza kutaga mwanzoni mwa Machi 2020. Mnakumbuka Machi 2020? Tarehe 17 shule zikafungwa kwa ajili ya korona. Wateja wangu wawili wakubwa walikuwa shule ya bweni na mama mmoja mwenye kantini ya chuo. Trei niliyokuwa nimeipigia hesabu ya 6,500 nikawa naibembeleza iondoke kwa 5,000, kuna siku 4,800. Trei zimepangana sebuleni hadi usawa wa televisheni. Tulikula mayai mpaka mjukuu akauliza kama nyama imepigwa marufuku.

Sasa shika kalamu. Kuku wa mayai anakula gramu 120 hivi kwa siku, ametaga au hajataga, hajali. Kuku 863 ni kilo 103. Kwa bei ya kilo 900 ya wakati ule, ni elfu 93 kila siku ya Mungu. Walikuwa wanatoa trei 18 siku nzuri, maana kuku aliyeugua Gumboro utotoni hafikii zile asilimia za kwenye projekta. Trei 18 kwa 5,000 ni elfu 90. Bado sijamlipa kijana wa banda, sijanunua maranda, sijanunua dawa. Nilikuwa nimewaajiri kuku na nawalipa mshahara, na wao hawakatwi kodi.

Wako 1,500, mdogo wangu, watakula kilo 180 kwa siku. Mifuko ya kilo 50 mitatu na nusu na ushee, nayo iwe imefika kabla wewe hujanywa chai.

Lakini hapo bado ningeweza kujiokoa. Ningeuza wote Aprili ningepoteza fungu ambalo ningelivumilia. Kilichonimaliza ni hicho hicho ulichokuja kukiulizia hapa: kubana matumizi. Chakula cha dukani ghali, nikasema nichanganye mwenyewe. Nikanunua mashine ya kusaga na ya kuchanganya, milioni sita na nusu kwa pamoja. Nikapewa fomula na mtu wa pale pale sokoni anayeitwa na wote "daktari", na sijawahi kuuliza ni daktari wa nini. Pumba, mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa, chumvi. Mahindi nilichukua ya bei ya chini yaliyolowa lowa kidogo, yana ukungu kwa mbali, nikasema kuku hachagui. Kumbe ukungu ule ndio unaoleta sumukuvu, na kuku anadhurika nayo kama mtu.

Ndani ya wiki mbili trei 18 zikawa 11. Nikaongeza vitamini. Zikawa 9. Nikamlaumu kijana wa banda, nikamlaumu kunguru, nikamlaumu jogoo wa jirani.

Mke wangu ndiye aliyeligundua, na hakusema neno. Alichota kikombe cha dagaa waliosagwa kwenye gunia, akakimimina kwenye sufuria ya maji, akakoroga, akaacha itulie, akaniita. Dagaa wakaelea juu kidogo kama chai iliyokosa majani. Chini kumetulia mchanga safi wa ufukweni, nusu kikombe kamili. Ungeweza kupiga plasta. Akanitazama, akaenda zake kuosha vyombo. Nilikuwa nimenunua mchanga kwa kilo, kutoka ziwani, nikalipia na usafiri.

Na usifikiri muda huo wote nilikuwa mtu wa anasa! Nilikuwa nabana kuliko unavyopanga wewe. Natembea kwa miguu kutoka Kihonda mpaka mjini kuokoa nauli. Sabuni ya kipande tunaikata mara nne. Nilishawahi kugombana na mke wangu kuhusu kijiko cha pili cha sukari, siku hiyo hiyo niliyompa "daktari" wa sokoni laki mbili bila risiti. Ndiyo maana maswali yako ya gesi na king'amuzi yananipandisha presha. Utaokoa elfu kumi jikoni, huku bandani kunatoka laki.

Niliwauza Machi 2021, 742 waliobaki, kwa elfu sita sita. Mnunuzi alikuja na matenga, akawa anawabonyeza kifuani mmoja mmoja na kusikitika. Mashine nikaiuza milioni mbili na laki mbili. Nikakaa na daftari nikajumlisha kila kitu kwa uaminifu niliokuwa nao darasani: karibu milioni 39 zimekwenda.

Mwalimu mwenzangu tuliyestaafu mwaka mmoja, mtu mkimya, alinikuta kwenye foleni ya uhakiki wa pensheni. Yeye alinunua hatifungani ya serikali ya miaka 20, yaani aliikopesha serikali, na wakati ule kuponi yake, riba ya kila mwaka, ilikuwa 15.49%. Milioni 39 zangu kwa kuponi hiyo zingeleta milioni 6 na elfu 41 kwa mwaka, zinalipwa kwa awamu mbili. Gawa kwa miezi 12, ni laki tano na elfu tatu, yaani zaidi ya pensheni yangu yenyewe, na haihitaji maranda. Viwango vimebadilika mara kadhaa tangu hapo, kaulize benki vya sasa, na unaanza na milioni moja tu. Kama hupendi kufunga hela muda mrefu, kuna vipande vya UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Nami nimeweka huko kilichobaki. Hakuna anayenisalimia "pole mwalimu" tena.

Sisemi kuku ni wabaya. Kuna jirani yangu anafuga na amejenga. Lakini alianza na kuku 60 akiwa bado ana mshahara, akaua kundi la kwanza lote kwa mshahara wake, akajifunza klorini kwa mshahara, akajifunza dagaa wa mchanga kwa mshahara. Mkupuo wake ulipotoka yeye alikuwa tayari na kovu. Sheria yangu ni hiyo moja, nimeinunua milioni 39 nakupa bure: jambo ambalo hukuwahi kulifanya kwa mshahara, usilifanye kwa mafao. Kuku, daladala, matikiti, bodaboda tatu za mkataba, duka la dawa, yote. Umebakiza miezi kadhaa ya mshahara? Nunua vifaranga 50 leo, walee mpaka watage, andika kila senti kwenye daftari. Wakikushinda 50, 1,500 watakuzika. Wakikuelewa, rudi hapa unitukane, nitafurahi.

Na yule mwenzako wa ofisini uliyemtaja kwenye mada yako, aliyekwambia "hela ikikaa benki inaoza", muulize ya kwake ikoje.

Haya, gesi. Sisi wawili na mjukuu tunatumia gesi kwa chai, mboga na wali, na mkaa kwa maharage na makande tu. Maharage loweka usiku kucha, yanaiva nusu ya muda. Nafaka nunua kwa gunia wakati wa mavuno, mahindi sisi tunayafuata sokoni Kibaigwa, Dodoma, lakini weka kwenye mifuko isiyopitisha hewa, la sivyo unawalisha dumuzi. LUKU, ukiwa kwenye lile daraja la matumizi madogo, pigana usivuke uniti 75 kwa mwezi, maana ukivuka bei inaruka. Mimi ndivyo nilivyotolewa huko, taa za kulelea vifaranga zilikuwa kwenye mita ya nyumbani, zinawaka usiku na mchana, nyumba nzima ikaanza kulipa bei ya juu mpaka pasi nikaifungia kabatini. Hata hili halikuwemo kwenye projekta ya yule kijana! Umeme, chanjo, maranda, mlinzi, hakuna.

Banda lipo bado. Mke wangu anaanikia mahindi humo, na kuna kuku wa kienyeji 23 wanaojitafutia wenyewe nje.

Hao vifaranga 1,500, umeshatoa malipo ya awali au bado? Jibu hilo kwanza, na kama umetoa, sema ni kiasi gani na kwa nani. Njoo PM kama unaona aibu.