Kabla hamjatumia hela ya korosho kununua dawa ya bei

Dada wa Newala, pole sana na mama. Umeuliza kama mtoe hela ya korosho ili mama mwenye kisukari, ambaye nyayo zinamwaka moto usiku, aachane na amitriptilini ahamie pregabalini kwa sababu ni ghali, hivyo itakuwa kali zaidi.

Subirini kwanza. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2022 ulilinganisha amitriptilini, duloksetini na pregabalini kwa wagonjwa 130 wa maumivu hayohayo. Zote zilipunguza maumivu karibu sawa. Walioongezewa dawa ya pili walipata nafuu zaidi.

Cha kuuliza ni hiki: mama amemeza kwa muda gani, na kiasi gani? Baba yangu mdogo hapa Lindi alikuwa hataki hata shuka limguse vidole, analala miguu ipo kwenye sakafu ya saruji. Wiki ya kwanza alisema kidonge hakifai, kinakausha mdomo tu. Daktari akampandishia dozi taratibu, na mwezi wa pili akaanza kulala.

Kama mama ana shida ya moyo au presha ya macho, hapo pregabalini au duloksetini inaweza kustahili gharama yake, ila daktari ndiye aamue. Na tafadhali, kama anameza diklofenaki (dawa ya kawaida ya kutuliza maumivu) kila siku, muiache: maumivu ya mishipa ya fahamu haiyagusi sana, na figo za mwenye kisukari inaziumiza. Sukari yake ikoje sasa?