Kabla hujaiita tezi ya mate

Panya wa kwanza niliyekabidhiwa kumpasua nilimtoa kitu cha mviringo shingoni, nikakitia kwenye fomalini, kimiminika cha kuhifadhia, na kuandika kwa majivuno: tezi ya chini ya taya, yaani moja ya tezi za mate. Slaidi ilipokuwa tayari sikuona mrija wa mate hata mmoja, limfosaiti tupu, yaani chembe nyeupe za kinga. Nilikuwa nimetoa tezi ya limfu. Hukaa mbele kidogo ya tezi ya mate, na mgeni huivamia kwa kuwa ndiyo imekaa kama "tezi" ya vitabuni. Angalia uso wake: ya limfu ni laini kama punje ya haragwe, ya mate imegawanyika vifungu vifungu.

Majina nayo yanadanganya. Tezi ya chini ya ulimi usiitafute mdomoni. Mwili wake uko shingoni, umejibana ubavuni mwa ile ya chini ya taya, ndani ya utando mmoja. Parotidi, tezi ya mate ya karibu na sikio, haina umbo la kushika: imetandazwa kuanzia chini ya sikio kuelekea mtulinga, imechanganyika na mafuta. Ukikuta bonge lililojikusanya vizuri chini ya sikio, shuku tezi ya machozi.

Kwenye hadubini, parotidi ni vishada vya seli za majimaji, viini vya mviringo, chembechembe nyingi. Ya chini ya ulimi ni ya ute: seli zimepauka, viini vimesukumwa chini vikalala bapa, na pembeni mwa vishada kuna hilali za seli za majimaji.

Tezi ya chini ya taya ndiyo itakayokusumbua. Kati ya vijirija vya mwanzo na mirija yenye milia, panya wana mirija ya chembechembe, ambayo binadamu hana. Kwa dume aliyebalehe wa aina ya panya wadogo wa maabara (mouse), testosteroni huinenepesha hadi ikatawala slaidi. Kwa jike ni myembamba. Stanley Cohen, aliyepata Nobel mwaka 1986 pamoja na Rita Levi-Montalcini, alipata kichocheo cha ukuaji wa seli za ngozi kutoka tezi hii ya panya dume.

Mimi nilishinda asubuhi nzima nikilinganisha slaidi mbili, nimeshaamini dawa niliyokuwa nikiijaribu imefanya kazi. Kumbe moja ni ya dume, nyingine ya jike. Andika jinsia na umri kwenye lebo siku ileile ya kupasua, na uandike kwa penseli. Wino wa kalamu huoshwa na alkoholi.