Diwali inahama, Lohri haihami: nipange vipi oda za sikukuu za Wapunjabi?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi nafanya catering hapa Mombasa na wateja wangu wengi ni Wapunjabi, Wahindu na Masingasinga. Nimejaza sikukuu zao kwenye Excel nikadhani nitatoa siku 11 kila mwaka kama tunavyokadiria Ramadhani, ikaenda sawa miaka miwili, sasa Diwali ya 2025 ilikuwa 20 Oktoba na ya 2026 naambiwa ni 8 Novemba, imeruka mbele vipi? Na Lohri mbona kila mwaka ni 13 Januari? Halafu wale akina mama wanaofunga mpaka waone mwezi, ni mwezi wa India ama wa hapa? Nipe fomula nimalize.

JIBU: Dada yangu, fomula moja haipo, na wala si Excel yako mbovu. Kalenda ya jadi ya Punjab, ile ya Bikrami, inafuata jua na mwezi kwa pamoja, na kila sikukuu ina upande wake. Wazee wetu wa pwani wanaelewa haya haraka sana maana nao walikuwa na Nairuzi ya jua kwa ajili ya kilimo na safari za baharini, huku Mfungo na Rajabu zikienda na mwezi. Mimi kazi yangu ni kupanga kalenda za ukutani za kupiga chapa, na kitu cha kwanza ninachofanya ni kuongeza kolamu moja kabla ya tarehe: JUA au MWEZI. Fanya hivyo kwanza, nusu ya matatizo yako yanaisha.

Za jua ni chache na ni rahisi. Mwezi wa jua unaanza siku jua linapoingia buruji mpya, wao wanaiita sangrand, na siku hiyo kwenye gurdwara, hekalu la Masingasinga, husomwa Barah Maha, yaani shairi la miezi kumi na miwili. Sangrand ya mwezi wa Magh kwa kawaida inaangukia 14 Januari, ndiyo Maghi, na Lohri ni mkesha wake, wanawasha moto mkubwa nje na kurushia ufuta, sukari guru, karanga na bisi, kwa hiyo oda yako hapo ni vitu vya ufuta na sukari guru, usihangaike na keki. Maghi yenyewe kule Punjab watu wanamiminika Muktsar kuwakumbuka wale arobaini waliokufa vitani wakiwa na Guru Gobind Singh mwaka 1705. Vaisakhi nayo ni ya jua, 13 au 14 Aprili, wakati wa kuvuna ngano, na kwa Masingasinga ndiyo siku Khalsa, jumuiya ya Masingasinga waliobatizwa, ilipoundwa Anandpur mwaka 1699. Hizi ziandike mara moja tu, cha kuangalia kila mwaka ni ile tofauti ya siku moja. (Kwa wanaopenda undani: mwaka wao wa jua unapimwa kwa nyota, unazidi mwaka wa majira kwa dakika 20 hivi, kwa hiyo Vaisakhi inasogea mbele siku moja kila miaka 70 na kidogo. Wewe na mimi haituhusu.)

Sasa za mwezi, ndipo ulipokwama. Mwezi mwandamo una siku 29 na nusu, mara 12 unapata 354, unapungukiwa siku 11 na mwaka wa jua. Hapo Ramadhani inaachiwa izunguke majira yote, lakini Wahindu hawaruhusu hilo, Diwali lazima ibaki Oktoba au Novemba. Kwa hiyo pengo likijikusanya, kila miaka miwili na nusu mpaka mitatu hivi, wanaongeza mwezi mzima wa ziada, na kanuni yake ni nzuri kweli: mwezi mwandamo ukipita wote bila jua kubadilisha buruji hata mara moja, mwezi huo unahesabiwa mara mbili. Mwaka 2023 mwezi wa Sawan ulikuja mara mbili, 2026 ni zamu ya mwezi wa Jeth, ile ya ziada ni 17 Mei mpaka 15 Juni. Ndiyo maana kila kinachokuja baada ya hapo kinaruka mbele kama siku 19 badala ya kurudi 11. Karva Chauth, ndiyo ile ya akina mama wanaofunga mpaka waone mwezi, iliyokuwa 10 Oktoba 2025 inakuwa 29 Oktoba 2026, gurpurab (sikukuu ya kuzaliwa) ya Guru Nanak inatoka 5 Novemba inaenda 24 Novemba. Na kumbuka ndani ya mwezi wa ziada hawafungi ndoa, kwa hiyo usitegemee oda za harusi za Wahindu hapo katikati.

Kuna mtego mwingine wa hapa kwetu. Kalenda nyingi za Kihindu zinazotundikwa madukani Mombasa ni za Kigujarati. Wagujarati mwezi wao unaisha mwezi ukiwa giza, Wapunjabi unaisha ukiwa mpevu, kwa hiyo nusu ya mwezi unaopungua, vadi, inabeba majina tofauti. Karva Chauth kwa Mpunjabi ni Kattak vadi 4, yaani siku ya 4 ya vadi ya mwezi wa Kattak, kwenye kalenda ya Mgujarati siku hiyohiyo iko chini ya mwezi wa Aso. Siku ni ile ile, jina ndilo tofauti, ila mteja akikwambia "Kattak vadi" ukaenda kutafuta kwenye kalenda ya duka la jirani utapika mwezi mzima baadaye.

Kuhusu mwezi wa wapi: wa hapa. Karva Chauth anafunga mke kwa ajili ya mumewe, bila chakula wala maji, mpaka auone mwezi kwa macho yake akiutazama kupitia chekecheke. Ile ya 2025, mwezi ulipochomoza Ludhiana huku Mombasa jua lilikuwa bado halijazama. Kwa hiyo usipeleke chakula saa kumi na mbili kwa sababu umeona picha za Delhi kwenye status, angalia saa ya mwezi kuchomoza Mombasa, na uwe tayari kuchelewa kama kuna mawingu. Oda nyingine ya siku hiyo ni ya alfajiri, sargi, ambayo desturi ni mama mkwe ampe mkwewe: pheni (tambi nyembamba), matunda, paratha. Siku nne baadaye ni Ahoi, akina mama wanafungia watoto, na wengi hufuturu nyota zikionekana.

Saa zinaleta balaa hata kwa Diwali. Tithi, yaani siku ya mwezi, haianzi usiku wa manane, inaanza wakati wowote na inaweza kuchukua saa 19 mpaka 26. Diwali inataka amavas, yaani tithi ya mwezi giza, iwepo jua likishazama. Mwaka 2024 amavas ilianza 31 Oktoba karibu saa kumi alasiri kwa saa za India ikaisha kesho yake saa kumi na mbili na robo jioni, kwa hiyo kule Amritsar, Punjab, ilishika jioni zote mbili, ya pili kwa muda mfupi tu, watu wakagawanyika. Ukitoa saa mbili na nusu, hapa iliisha 1 Novemba saa kumi kasorobo, jua bado liko juu, jioni halali ikabaki ya tarehe 31 peke yake.

Upande wa jikoni, Navratri (masiku tisa) za miezi ya Chet na Assu na siku za Ekadashi, yaani tithi ya 11, wanaofunga hawali nafaka za kawaida, ni unga wa kuttu (buckwheat), sabudana (sago), viazi, chumvi ya mawe, bila vitunguu wala saumu. Masingasinga ni habari nyingine, kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib, hakikubali kufunga kama ibada, gurpurab yao ni langar, chakula cha pamoja cha gurdwara, cha kushiba. Lakini zipo familia ambazo mke Singasinga anashika Karva Chauth kama desturi, usibishane naye, pika.

La mwisho, gurpurab ya Guru Gobind Singh. Ni Poh sudi 7, yaani siku ya 7 ya nusu inayokua ya mwezi wa Poh, mwaka 2025 ikaja mara mbili, 6 Januari na 27 Desemba, 2026 haimo kabisa mpaka katikati ya Januari 2027. Ila kalenda ya Nanakshahi, kalenda ya Masingasinga iliyotungwa na Pal Singh Purewal, iliyopitishwa Amritsar mwaka 2003 iliifunga 5 Januari kila mwaka, ikabadilishwa 2010, na mpaka leo kuna gurdwara zinazoshika ile ya zamani. Hii usiikadirie, pigia simu kamati ya gurdwara husika Novemba kabla hujanunua mchele.